Weusi Usiotoka kwa Thina

Chwaa, pa. Chwaa, pa.

Mlio unamfikia mtu akiwa bado mlangoni pa jengo, hajaona ngazi wala aliyekaa chini ya ngazi. Ni kitambaa kinachovutwa juu ya kiatu kwa mikono miwili na kuachiwa ghafla mwishoni. Makarani wa ghorofa ya pili wameuzoea hata wanautumia kama saa. Uliponyamaza kwa wiki kadhaa, wanasema, walianza kuchelewa kazini.

Asubuhi hii umerudi. Fundi Makaa ameketi kwenye kigoda chake, kiatu cheusi kimelala juu ya goti, na sanduku la makopo ya dawa ya viatu liko wazi mbele yake. Kila kitu hapo ni cheusi au kahawia: brashi, chupa za rangi, matambara, hata ukuta alioegemea. Kitu cheupe ni kimoja tu, nacho ni bendeji iliyofungwa kwenye kidole gumba cha mkono wake wa kulia.

Kwenye rafu iliyo juu ya kichwa chake kuna kiatu cha kahawia, cha mguu wa kulia. Hakina mwenzake.

"Usiandike kwamba nimeumia," anasema bila kuinua kichwa. "Andika kwamba nimepona kabla ya kuugua. Hiyo ndiyo habari."

Ana miaka hamsini na miwili, na zaidi ya thelathini ameimaliza hapa chini ya ngazi. Kazi yake si kupiga brashi na kumrudishia mteja kiatu. Anafufua ngozi. Kiatu kilichopauka kama magoti ya mtoto anakinywesha rangi, anakiacha kikauke, anakipaka dawa, kisha anakisugua mpaka mwenyewe akiinama aone meno yake. Siku njema hupitia mikononi mwake jozi ishirini. Siku mbaya hupitia vumbi.

Jina la Makaa alipewa na karani mmoja aliyempa mkono asubuhi akaenda kupiga chapa barua za mkurugenzi. Barua zilirudishwa zote zina alama za vidole. Karani alihamishwa idara, jina likabaki.

Ufundi alifunzwa na mjomba wake, mtu mkali aliyeamini kwamba brashi ni ya kusafishia tu. Kitambaa kifungwe kwenye gumba, kiguse dawa, kiguse tone la maji, halafu gumba lizunguke juu ya ncha ya kiatu, duara ndogo ndogo, kwa nguvu, mpaka ngozi ipate joto.

"Mjomba alikuwa akisema gumba ndilo linalojua ngozi imeshiba," anasimulia. "Mti haujui. Brashi haijui. Fundi asiye na gumba, aliniambia, huyo ni mwosha viatu, apewe ndoo."

Basi gumba la Fundi Makaa likasugua. Lilisugua viatu vya harusi na vya mazishi, vya wakubwa walioingia kazini na vya wakubwa walioachishwa. Fahari yake yote ilikaa kwenye kidole hicho.

Mwaka jana, jioni moja ya Jumamosi, alikuwa akinawa kwa thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, kama ilivyo desturi yake kabla ya kurudi nyumbani. Kucha zikatakata moja baada ya nyingine. Ukucha wa gumba ukakataa. Katikati yake ulipita mstari mweusi, umenyooka kutoka kwenye shina la ukucha mpaka nchani, kana kwamba mtu ameupiga kwa rula.

Akaongeza thina. Akachukua msasa laini, ule wa kulainishia visigino vya viatu, akasugua mpaka ukucha ukawa moto. Mstari ulikuwa pale pale.

"Nikasema, haya, rangi imechoka kukaa nje, imeingia ndani," anasema, na safari hii anacheka. "Nikaiacha. Lakini yenyewe haikuniacha. Ilikuja kama uzi, ikawa kama kamba ya kiatu."

Kuna sababu iliyomfanya aogope, na sababu hiyo ndiye mwenye kile kiatu cha rafuni. Ni dereva mstaafu wa magari ya mizigo. Miaka michache iliyopita lilimtokea doa jeusi kwenye wayo wa mguu wa kushoto. Alidhani ni damu iliyovilia kwa kukanyaga pedali. Alilivalia soksi. Doa likakua, likapasuka, likatoa maji, na alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umeshapanda. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Tangu hapo huleta kiatu kimoja kung'arishwa. Analipa nusu.

"Si huruma, ni hesabu," anasema Fundi Makaa.

Ni mzee huyo aliyemfundisha jina la ugonjwa wenyewe, siku moja akisubiri kiatu chake. "Inaitwa melanoma, fundi," alimwambia. "Jina zuri kama la binti wa mtu. Usilikaribishe nyumbani."

Kwa hiyo, mstari ulipoanza kunenepa, Fundi Makaa alilijua jina, na aliujua mguu uliokwenda na jina hilo. Mtu mwingine angekimbilia hospitali. Yeye alikimbilia sandukuni.

"Nilichovya brashi ndogo kwenye rangi nyeusi, nikapaka ukucha wote, mstari ukapotea. Nikafurahi kidogo. Halafu nikaona ukucha mmoja mweusi peke yake unaita macho. Nikapaka na wa pili. Nilipofika wa kumi nilikuwa nimetulia kabisa."

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu alfajiri kabla ya wateja, fundi huyo mwenye wajukuu wawili alikuwa akijipaka rangi kucha zote kumi, taratibu, bila kuvuka ukingo, kama bibi harusi.

Aliyekuwa akifichwa ni mkewe, mshonaji wa nguo za shule, ambaye cherehani yake imekaa kwenye baraza ya nyumba yao. Mama huyo ni mtu wa maneno machache, nayo huyapima kama kitambaa.

"Niliona kucha nyeusi juma baada ya juma, nikadhani kazi imezidi," anasema. "Nikawa namwombea izidi tena. Kumbe nilikuwa naombea balaa lipate mbolea."

Aliyeifumbua siri ni dereva. Alikuja asubuhi kwa magongo yake, akakaa kwenye benchi la wateja, akavua kiatu, akampa fundi. Akatazama kazi kwa muda.

"Fundi, kiatu changu ni cha kahawia."

"Naam, mzee."

"Na dawa uliyoshika ni ya kahawia."

"Naam."

"Na mkono wako wa kushoto unashika kiatu tu, haushiki dawa."

Fundi Makaa akazidi kusugua.

"Basi mbona una kucha nyeusi mpaka ya kidole cha mwisho? Au siku hizi unajiremba?"

"Kazi, mzee. Rangi inaruka."

"Rangi inaruka ikatua kwenye kucha tu, ngozi ikaiogopa?" Mzee alisogeza magongo yake kando. "Nionyeshe unachokificha. Mimi nilikificha kwenye soksi. Wewe soksi yako iko wapi?"

Fundi Makaa anasema hakumbuki aliamuaje. Anakumbuka tu kwamba alinyoosha gumba, akaeleza. Mzee hakumkemea. Alikichukua kile kiatu chake ambacho hakijakwisha, akakiweka juu ya rafu kwa mkono wake mwenyewe.

"Sikichukui mpaka urudi na majibu ya daktari," alisema. "Nitatembea na kandambili, watu wanicheke, na kosa litakuwa lako. Na mwambie mkeo. Ukienda peke yako utageukia njiani. Mimi niligeuka mara tatu."

Jioni hiyo alimkuta mkewe anashona. Akasimama mbele ya cherehani, akasema yote kwa mkupuo. Mkewe hakuacha kazi. Aliumaliza mshono mpaka mwisho, akakata uzi, ndipo akamwangalia.

"Ulinificha kwa rangi ya viatu," alisema.

"Ndiyo."

"Kesho saa kumi na mbili tuko barabarani. Na usinywe chai, labda watataka damu."

Hawakutaka damu. Daktari wa ngozi, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimkaribisha, akavuta taa karibu.

"Ukucha upi, baba?"

Fundi Makaa akaweka mikono yote miwili mezani. Kucha kumi, nyeusi tii, zinang'aa.

"Huu, daktari."

"Na hizi tisa zina nini?"

"Zina rangi."

"Rangi gani?"

"Ya viatu."

"Zimekuwaje?"

"Amezipaka kunificha mimi," akajibu mkewe kwa niaba yake.

Daktari aliinama akatafuta kitu kwenye droo, na alichukua muda kukipata. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umetulia. Akajaribu kuifuta rangi kwa pamba na dawa. Haikutoka. Fundi anaijua vizuri rangi yake: hupakwa ili isitoke. Ukucha ulikuwa umeinywa kama ngozi inavyoinywa, na mstari ulikuwa umezama chini yake, hauonekani.

"Siwezi kupima nisichokiona," alisema daktari. "Nataka nione shina la ukucha, lilivyo. Acha rangi kabisa, ukucha ukue, kisha urudi. Lakini urudi kweli."

Hapo ndipo alipoionja kazi ya mikono yake. Alichokipaka ili kimpe amani ndicho kilichomchelewesha kuipata. Tena kuacha rangi kwa mtu wa rangi ni kuacha mlo. Aliweza kupiga brashi tu, na wateja wake hawakuzoea brashi tu. Kutoka jozi ishirini akashuka hadi sita. Kitambaa kikanyamaza. Mkewe akawa anashona mpaka macho yanamwasha.

Ukucha ulipokua na rangi kusogea mbele, alirudi, na daktari aliutazama mstari kwa lenzi yenye taa. Aliutazama muda mrefu. Upande mmoja ulikuwa umenyooka. Upande wa pili ulikuwa na mawimbi.

"Siwezi kusema ni mbaya, wala siwezi kusema ni salama," alisema. "Nitachukua kipande kidogo kwenye shina, kikapimwe."

"Na kama ndiyo ile?" Fundi Makaa hakutaka kulitaja jina.

"Kama ndiyo ile na tumeiwahi, tutatoa ukucha pamoja na shina lake. Kama imeingia ndani, huenda tukalazimika kutoa kidole. Nakwambia mapema ili usije ukasikia kwa mara ya kwanza siku hiyo."

Alichomwa sindano ya ganzi, kipande kikakatwa, bendeji ikafungwa. Majibu yangechukua muda.

Muda kama huo, anasema, hamtakii hata adui. Alikwenda chini ya ngazi akakaa, mikono mapajani. Nyumbani alikula kwa kuogopa macho ya mkewe, si kwa njaa. Usingizi ulikuja ukakuta mlango umefungwa. Mara mbili mkewe alimkuta amekaa, mkono wa kushoto umeshika gumba la kulia, kama mtu anayemsindikiza msafiri asiyejua kama atarudi.

"Alikuwa kama kiatu kilichosahauliwa na mwenyewe," anasema mkewe. "Kipo, lakini hakiendi popote."

Wiki iliyopita waliitwa. Daktari hakuwazungusha. Hata hawajakaa sawasawa, alisema: "Si saratani."

Mkewe Fundi Makaa alicheka, kisha akampiga mumewe kofi la bega, kisha akaomba maji ya kunywa. Fundi mwenyewe alibaki amesimama.

Daktari akaeleza. Ndani ya ngozi ya kila mtu zipo seli zinazotengeneza weusi wa mwili, na weusi huo unaitwa melanini. Kwenye shina la ukucha seli hizo mara nyingi hulala. Zikisuguliwa sana huweza kuamka, zikaanza kazi, na kazi yao hutokea kwenye ukucha kama mstari. Kwa watu weusi mistari hiyo si ajabu. Jina lake ni melanonikia.

"Umezibishia hodi miaka thelathini kwa hilo gumba," alisema. "Sasa zimefungua."

Fundi Makaa alipopata pumzi akapata na ulimi. "Daktari, samahani. Ile iliyomla mzee mguu ni melanoma. Hii yangu ni melanonikia. Na iliyo mwilini ni melanini. Hawa ni ndugu?"

Daktari akacheka. Akasema majina hayo yametoka kwenye neno moja la Wagiriki wa kale, melas, yaani nyeusi. Akaendelea, kwa kuwa aliona wanasikiliza. Choo kikiwa cheusi kama lami kwa sababu ya damu inayovuja tumboni, huitwa melena, na mwenye nacho asikae nyumbani. Yale mabaka meusi ya usoni, ambayo wanawake wengi huyapata wakiwa wajawazito, huitwa melasma.

Mkewe fundi akajigusa shavu. "Kumbe na mimi nimo."

"Umo, mama, na hayana madhara. Hata huzuni nzito waliiita melankolia, nyongo nyeusi. Waliamini nyongo ikiwa nyeusi mtu hupoteza furaha."

"Hiyo alikuwa nayo nyumbani," alisema mkewe. "Hakuhitaji lenzi."

Fundi Makaa akalitafakari jambo hilo kama fundi. "Kwa hiyo Mgiriki alikuwa na kopo moja tu la rangi, akapaka kila kitu."

"Alipaka kila kitu," alikubali daktari, "lakini vilivyo chini ya rangi si kitu kimoja. Weusi mmoja unakukinga na jua, mwingine unaua. Kwa macho ya nyumbani vinafanana. Ndiyo maana tunapima."

Maneno hayo fundi ameyabeba mpaka chini ya ngazi, na kila mteja anayeuliza habari za bendeji anayapata bure. Anawaeleza aliyoelezwa: mstari mmoja uliozuka ukubwani kwenye ukucha mmoja, unaonenepa, au weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni, au doa jipya kwenye kiganja au wayo, usilitazame mwezi wala mwaka. Nenda.

"Mimi nilikuwa nauogopa weusi wenyewe," anasema. "Nimekula kwa weusi, nimeoa kwa weusi, nimesomesha kwa weusi, halafu nikaukimbia. Rangi haina kosa. Kosa lilikuwa kuifunika nisijue ni ipi."

Hata hivyo hakuruhusiwa bure. Kidole kimebaki, sharti limekuja nacho. Gumba lisisugue tena. Arudi kila baada ya miezi sita atazamwe kwa lenzi, na mstari ukibadilika asisubiri miezi.

Sharti la lenzi alilikubali papo hapo. La gumba lilimkaa kooni. Alitoka hospitali amefurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba, lakini kabla hawajafika kituoni akaanza kumsikia mjomba wake akiagiza ndoo.

Usiku huo hakulala mapema, ila safari hii kwa kazi. Alichukua kalibu ya zamani, ule mguu wa mbao wa kuundia viatu, akakata kipande cha ncha, akakichonga, akakipiga msasa mpaka kikapata umbo la kidole gumba kilichopinda kidogo. Akakivalisha ngozi laini ya ndani ya kiatu. Mkewe akakipimia kofia ya pamba, akaishona.

"Mke wa pili nimemshonea nguo mwenyewe," anasema mama huyo. Amefika na chakula cha mchana ndani ya bakuli lenye kifuniko, na anasimama kumtazama mumewe akifanya kazi.

Kweli, kitu alichoshika Fundi Makaa tangu asubuhi si kitambaa kitupu. Kidole cha mti kinazunguka juu ya ncha ya kiatu, duara ndogo ndogo. Mkono wake wa kushoto umegusa ngozi kwa pembeni, taratibu, unasikiliza joto. Mti haujui, ndiyo, lakini jirani yake anajua. Anapanga kuchonga vingine, vikubwa na vidogo, awauzie wang'arisha viatu wenzake wa mitaa ya jirani. Ameshasema havitauzwa mpaka kwanza mnunuzi aonyeshe kucha zake.

Magongo yanasikika mlangoni. Ni dereva mstaafu, mguuni ana kandambili. Habari ameshaipata, lakini hataki kuisikia kwa watu. Anakaa kwenye benchi, ananyoosha mkono.

"Kiatu changu."

Fundi Makaa anakishusha kutoka rafuni. Ndicho alichokimaliza kwanza asubuhi hii. Mzee anakigeuza kwenye mwanga wa mlango, anainama juu ya ncha yake, anajiangalia.

"Hiki umekisugua kwa gumba?"

"Kwa mti, mzee."

Mzee anatazama tena, anakunja midomo. Fundi Makaa amesimama kama mwanafunzi anayengoja alama.

"Najiona nimezeeka," anasema mzee hatimaye. "Maana yake kinang'aa."

Anakivaa. Fundi Makaa anashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu siku ile kiatu kilipopanda rafuni, kisha anamgeukia mkewe. Anaweka chini kidole cha mti. Anainua mikono yake miwili, vidole vimetanuka, kucha tisa safi na bendeji moja.

"Mama watoto, nasema mbele ya mzee awe shahidi. Kila mwezi ukianza, kabla sijashika brashi, nitakunyooshea mikono hii kwenye mwanga. Mitupu, bila rangi. Uikague kama mwalimu wa zamu. Weusi nisioujua ukitokea, wewe ndiye wa kwanza kuujua."

Mkewe anafungua bakuli, mvuke unapanda. "Na miguu?"

Fundi Makaa anakitazama kile kiatu kimoja cha kahawia, kimekaa sakafuni, kinang'aa.

"Na miguu," anasema. "Vidole na nyayo."